Je, Wajua? Pangaboi Lililochelewa Vitani

Je, wajua kwamba helikopta iliwahi kurushwa ndani ya jumba, juu ya uwanja uliozungukwa na watazamaji, katika onyesho lililoitwa Kiswahili? Ilikuwa Berlin, Februari 1938, katika ukumbi mkubwa wa Deutschlandhalle. Onyesho lenyewe lilibandikwa jina "Kisuaheli", kwa tahajia ya Kijerumani, na lilipambwa kuwakumbusha Wajerumani makoloni waliyonyang'anywa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Tanganyika ikiwa mojawapo. Katikati ya mapambo hayo aliingia rubani mwanamke, Hanna Reitsch, na chombo kiitwacho Focke-Wulf Fw 61. Akanyanyuka wima, akasimama hewani, akarudi kinyumenyume, akageuka huku na huku, kisha akatua palepale alipoanzia.

Jina la lugha yetu lilikuwa pale kama urembo tu wa jukwaani, mbele ya watu wasiojua hata salamu yake. Mimi hilo linaniuma. Lakini kwa waliojua habari za ndege, jambo kubwa la jioni ile lilikuwa kile chombo. Kilikuwa kimeruka mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1936, na mwaka mmoja baadaye kilipanda hadi mita 2,439. Rekodi ya helikopta iliyokuwepo kabla yake, ya Wafaransa, ilikuwa mita 158. Miezi 19 baada ya onyesho la Berlin, vita vikuu vya pili vikaanza. Ujerumani iliingia vitani ikiwa tayari na helikopta inayotii mkono wa rubani, na Marekani ikapata ya kwake muda si mrefu. Hata hivyo vita viliisha mwaka 1945 na askari walio wengi hawakuwahi kuiona hata moja. Ingekuwaje kama zingewahi?

Swali hilo ndilo litakalotuongoza leo, ingawa ili kulijibu vizuri inabidi turudi nyuma kidogo.

Je, wajua kwamba mwaka 1918, wakati jemadari wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck bado anakimbizana na Waingereza ndani ya Msumbiji na wapagazi wetu wanaangamia njiani kwa mizigo na maradhi, jeshi la Austria na Hungaria lilikuwa likijaribu helikopta? Iliitwa PKZ-2. Shida iliyoizaa ilikuwa ya maputo. Mizinga ya vita vile ilihitaji mtu wa kukaa juu na kuona kombora limeangukia wapi, naye alipandishwa kwa puto lililojaa haidrojeni, gesi inayoshika moto kwa cheche moja. Ndege ya adui ikipita, puto linakuwa kinga cha moto. Kwa hiyo mhandisi Vilém Žurovec alibuni chombo chenye mapangaboi mawili ya mbao, moja juu ya jingine, yakizunguka pande tofauti kwa nguvu za injini tatu. Kilifungwa chini kwa nyaya, na kikapu cha mtazamaji kikawekwa juu kabisa, juu ya mapangaboi yenyewe. Hebu fikiria mtu aliyekaa humo, injini zikizimika.

Kiliruka zaidi ya mara 30 na kufika mita 50 hivi. Tarehe 10 Juni 1918 injini zilipungukiwa nguvu, chombo kikayumba, kikaanguka. Kabla ya mwaka kwisha dola yenyewe ilikuwa imesambaratika. Theodore von Kármán, mmoja wa wataalamu walioshiriki kazi ile, alihamia Marekani baadaye na kuwa miongoni mwa vinara wa sayansi ya anga na roketi. Je, vita vingeendelea hadi 1919, chombo kile kingebadili lolote? Sidhani. Puto linalolengwa lingekuwa limebadilishwa kwa helikopta inayolengwa, nayo imefungwa kamba.

Mbona ilikuwa vigumu kiasi hicho? Simama ndani ya mtumbwi mdogo, uzungushe mwili wako ghafla kwenda kulia. Utaona mtumbwi unataka kugeuka kushoto. Helikopta nayo ni hivyohivyo: pangaboi likizunguka upande mmoja, mwili wa chombo unataka kuzunguka upande wa pili, na rubani pamoja nao. Ndiyo maana huwekwa mapangaboi mawili yanayopingana, au dogo la mkiani la kuushikilia mwili utulie. Shida ya pili imejificha zaidi. Chombo kikisonga mbele, bawa linaloelekea mbele hukutana na upepo mkali kuliko lile linalorudi nyuma. Upande mmoja unanyanyuliwa, mwingine unaachwa, na chombo kinapinduka.

Aliyeifungua shida hiyo ya pili ni Mhispania, Juan de la Cierva. Vyombo vyake vikubwa vilikuwa vikipinduka, lakini kigezo chake kidogo kiliruka vizuri, na mwishowe akang'amua sababu: mabawa ya kile kidogo yalikuwa na mifupa ya henzirani. Yalikuwa yanapinda. Basi akayatia mabawa makubwa bawaba kwenye mashina yake ili kila moja lipande na kushuka lenyewe, na Januari 1923 chombo chake kikaruka Hispania. Hicho hakikuwa helikopta bali otojairo, maana pangaboi lake la juu huzungushwa na upepo tu huku injini ikivuta kwa mbele. Hakiwezi kusimama hewani. Lakini bawaba ile ilirithiwa na wote waliofuata. De la Cierva alikufa Desemba 1936 katika ajali ya ndege ya abiria huko Croydon, Uingereza, naye hakuwa rubani siku hiyo. Wakati wa vita Waingereza walizitumia otojairo zake kupima usahihi wa rada za pwani, kazi iliyohitaji chombo cha kuzunguka mahali pamoja taratibu.

Je, wajua kwamba Warusi waliifikisha helikopta mita 605 mwaka 1932, wakati rekodi inayotambuliwa duniani ilikuwa mita 18? Rubani alikuwa Alexei Cheryomukhin, chombo kiliitwa 1-EA, na siku ilikuwa 14 Agosti. Moscow ikanyamaza. Kama habari ile ingetangazwa, na michoro ikasomwa Paris na Berlin na Connecticut kule Marekani, naamini miaka mitatu au minne ya kupapasa gizani ingeokolewa. Kwangu hii ndiyo nafasi kubwa kuliko zote iliyopotea, na ilipotea kwa siri tu.

Na yule mwenye rekodi ya mita 18 ni nani? Ni Mwitaliano Corradino d'Ascanio. Aliiweka mwaka 1930, lakini helikopta haikumpa mkate. Baada ya vita kiwanda cha ndege cha Piaggio, kilichokuwa kimepigwa mabomu, kilihitaji kitu cha kuuzia watu maskini wasio na magari. D'Ascanio, ambaye hakuzipenda pikipiki, akachora Vespa. Kwa hiyo ile skuta ya magurudumu madogo uliyowahi kuiona mjini ina baba mmoja na helikopta.

Sasa turudi Ujerumani. Henrich Focke, aliyeunda chombo cha Hanna Reitsch, aliunda kikubwa zaidi akakiita Drache, yaani joka. Kwa namba za kiwandani ni Fa 223. Kiliruka kwa mara ya kwanza bila kufungwa Agosti 1940, kikiwa na injini ya nguvu za farasi 1,000 na mapangaboi mawili, kulia na kushoto, kama mtu aliyenyoosha mikono. Kiliweza kubeba mzigo wa takriban tani moja ukining'inia kwenye kamba. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kukikaribia wakati huo.

Wanaopenda kucheza na historia hupenda kuuliza: je, kama majoka haya yangeundwa kwa mamia, jeshi la Ujerumani lililozingirwa Stalingrad katika majira ya baridi ya 1942 na 1943 lingeokoka? Tupige hesabu. Jeshi lile lilihitaji si chini ya tani 300 kwa siku ili liweze kuishi. Kwa tani moja kila safari, ni safari 300 kila siku, juu ya theluji, ukungu na bunduki, kwa chombo chenye gia na mihimili iliyohitaji matengenezo muda wote. Isitoshe, injini yake ni ileile iliyotiwa kwenye ndege nyingine za kivita. Kila joka lingekuwa limemnyang'anya mtu mwingine injini. Ndege za kawaida zilizobeba tani mbili au zaidi zilishindwa pale; helikopta zingeshindwa mapema zaidi.

Lakini majeruhi je? Hapo hesabu inabadilika, maana mtu mmoja aliyelala kwenye machela hana uzito wa tani. Wajerumani wenyewe walilijaribu joka katika milima ya Mittenwald mwaka 1944, wakibeba mizigo na kutua mahali ambapo ndege nyingine isingethubutu. Mwaka huohuo joka jingine lilitumwa kuwaokoa watu 17 waliokwama Mont Blanc, likaanguka. Viwanda navyo vilikuwa vimekwisha kupigwa, cha Bremen mwaka 1942, kisha cha Laupheim mwaka 1944. Majoka yaliyowahi kuruka hayakufika 20.

Moja lilitekwa, na Septemba 1945 rubani wake Mjerumani, akiwafanyia kazi Waingereza, akalivusha bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Hiyo ndiyo helikopta ya kwanza kuvuka mlango ule wa bahari. Mwezi uliofuata ikaanguka.

Je, wajua kwamba Anton Flettner aliunda helikopta ya mapangaboi mawili yanayopishana kama vidole vya mikono miwili, bila kugongana? Iliitwa Kolibri, jina la ndege mdogo anyonyaye maua. Jeshi la majini lilijaribu kuitua juu ya manowari Köln katika bahari ya Baltiki mwaka 1942, ikaweza. Mwaka 1944 zikaagizwa 1,000. Kiwanda kikapigwa mabomu. Zilizokamilika ni 24.

Kisa kinachofuata ni cha bahari yetu wenyewe. Nyambizi ina udhaifu mmoja mkubwa: ikiibuka, mlinzi wake yuko chini sana, karibu na maji, na haoni mbali. Wajerumani waliofika Bahari ya Hindi walikuja na dawa ya hilo. Ilikuwa tiara. Sikosei neno: tiara kama zile watoto wanazorusha ufukweni Lamu na Unguja, ila hii ilibeba mtu. Iliitwa Fa 330, nayo ilitoka kwa Focke yuleyule. Haikuwa na injini hata kidogo. Ilikuwa kiti, mabomba machache na pangaboi la mabawa matatu, uzito wake wote chini ya mtu mzima mmoja mnene. Ilikunjwa na kutiwa ndani ya mitungi isiyoingia maji nyuma ya mnara wa nyambizi. Ikihitajika, mabaharia waliiunganisha sitahani, nyambizi ikaenda kwa kasi kuelekea upepo, na upepo ule ukalizungusha pangaboi hadi likapaa, likivutwa na waya. Kutoka juu, zaidi ya mita 100, mtazamaji aliweza kuona meli zilizo mbali mara tano kuliko alivyoona mwenzake wa chini, na alizitangaza kwa simu iliyopitishwa kwenye waya.

Sasa mfikirie mtu huyo siku ndege ya Waingereza inapotokeza. Nyambizi haina budi kuzama kwa dakika moja au mbili. Alikuwa na wenzo wa kuvuta: mabawa yanachomoka na kuruka juu, yanafungua mwavuli, naye anaangukia baharini. Kama nyambizi itarudi kumchukua, hilo ni jambo la baadaye. Ndiyo maana tiara hii haikufaa kitu katika Atlantiki iliyojaa ndege. Ilihitaji bahari pana yenye anga tupu, na Bahari ya Hindi ndiyo iliyokuwa hivyo. Agosti 1943 nyambizi U-177 iliitumia tiara kuiona meli ya mizigo ya Kigiriki, Efthalia Mari, karibu na Madagaska, ikaizamisha. Mei 1944 nyambizi nyingine, U-852, ilipigwa na ndege zilizotoka Aden hadi ikakwama katika pwani ya Somalia, na hapo Waingereza wakaipata tiara na kuichunguza.

Ingekuwaje kama kila nyambizi katika bahari hii ingekuwa nayo, na mabaharia wasiogope kuitumia? Meli za Mombasa, Dar es Salaam na Beira zingekuwa zinatazamwa zikiwa bado hazijaona moshi wowote. Hii ni "ingekuwaje" inayonitisha kuliko ile ya majoka ya Stalingrad, kwa sababu kifaa chenyewe kilikuwa rahisi na cha bei ndogo. Kilichokizuia ni woga wa haki wa makapteni, waliojua kwamba mtu hewani ni dakika kadhaa za ziada za kukaa juu ya maji.

Upande wa pili wa vita kulikuwa na Igor Sikorsky. Alizaliwa Kyiv mwaka 1889, akajaribu kuunda helikopta mbili akiwa kijana, zote zikashindwa kwa sababu injini za wakati ule zilikuwa nzito na dhaifu. Akaiweka ndoto kabatini kwa karibu miaka 30. Septemba 1939, wiki mbili baada ya vita kuanza, akiwa mhamiaji Marekani, alipanda chombo chake VS-300 na kofia yake ya kawaida kichwani, akanyanyuka kutoka ardhini kikiwa bado kimefungwa. Mei 1940 kikaachiwa huru. Kutoka hicho ikazaliwa R-4, iliyoruka Januari 1942. Mei mwaka huo ilisafirishwa kwa kurushwa kutoka Connecticut hadi Ohio, zaidi ya kilomita 1,200, kwa siku tano, ikitua mashambani na viwanjani njia nzima. R-4 zilizoundwa zote zilikuwa 131. Mabawa yake yalikuwa chuma na mbao, yamevikwa kitambaa.

Je, wajua kwamba Januari 1944 helikopta mbili za aina hiyo zilivuka Atlantiki ndani ya msafara wa meli, juu ya meli iitwayo Daghestan? Nia ilikuwa kuona kama zinaweza kuulinda msafara dhidi ya nyambizi. Ilikuwa baridi, dhoruba, sitaha inapanda na kushuka. Siku iliyofaa kuruka ilikuwa moja tu safari nzima, na majaribio yakahesabiwa kuwa hayakufaulu. Kwa bahari ile na msimu ule, hukumu ilikuwa sahihi.

Mwezi uliofuata msafara mwingine uliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Ceylon. Meli mojawapo iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500, wakiwemo wauguzi wanawake, na kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki, cha 301, kilichokuwa njiani kwenda kwenye vita vya Burma. Tarehe 12 Februari 1944, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga. Ilizama kabla dakika tatu hazijatimia. Waliokufa ni 1,297, na zaidi ya 600 kati yao ni wa kikosi kile cha mizinga. Manowari mbili zilizokuwa zikiwalinda, Paladin na Petard, ziliiwinda nyambizi hadi zikaimaliza, lakini mabomu ya chini ya maji yalirushwa palepale waliponusurika walikuwa wakielea.

Nimelipima swali hili mara nyingi. Zile helikopta mbili za Daghestan, kama zingepelekwa kwenye njia ya Kilindini badala ya dhoruba ya Atlantiki, zingefanya nini? R-4 haikuwa na nguvu ya kubeba silaha ya maana, na hewa ya joto, ambayo ni nyepesi, ingeipunguzia hata ile nguvu kidogo iliyokuwa nayo. Ingekaa angani saa mbili tu, kisha mwenzake achukue zamu. Lakini kazi ya kuilinda meli si lazima iwe ya kuua. Nyambizi ile ilisogea mchana, ikiwa karibu na uso wa bahari ili ichungulie kwa darubini yake, katika maji ya kitropiki ambayo kutoka juu huonyesha mengi. Kapteni wa nyambizi aonaye chombo chochote angani huenda chini, na akiwa chini haoni wala hana mbio za kuifuata meli. Siwezi kusema wale vijana wangefika Colombo. Nasema tu kwamba jaribio lilifanyiwa bahari isiyofaa, na bahari iliyofaa ilikuwa hii.

Kwa haraka, mawili mengine. Raoul Hafner, Mwaustria aliyehamia Uingereza, aliitia gari la jipu pangaboi ili livutwe na ndege na kutua vitani kama nyungunyungu aliyeota mbawa. Waliliangusha kutoka mita mbili na zaidi likiwa limesheheni saruji, halikuvunjika, na Novemba 1943 likaruka. Likaachwa, maana ndege kubwa zisizo na injini zilikwisha kuweza kubeba magari tumboni.

Na tarehe 3 Januari 1944, manowari Turner ilipolipuka karibu na New York, theluji na upepo viliziweka ndege zote chini. Frank Erickson wa walinzi wa pwani alipanda helikopta na masanduku ya plazma ya damu yamefungwa kando, akavuka hadi hospitali ya Sandy Hook kwa dakika 14.

Halafu Burma. Aprili 1944 ndege ndogo ya Kimarekani iliyobeba Waingereza watatu, majeruhi na wagonjwa, ilianguka nyuma ya mistari ya Wajapani. Hapakuwa na mahali pa ndege nyingine kutua. Palikuwa na msitu na mashamba ya mpunga, na adui akitembea barabarani jirani. Luteni Carter Harman alikuwa na R-4 huko India, akaambiwa aende. Alisafiri mamia ya kilomita, akavuka milima ambayo chombo chake kiliimudu kwa shida, na alipofika akakuta tatizo lilelile la joto: injini ya nguvu za farasi 180 au karibu yake haikuweza kunyanyua zaidi ya mgonjwa mmoja. Akachukua mmoja, akampeleka kwenye fungu la mchanga mtoni ambako ndege ndogo nyingine ilingoja, akarudi. Akachukua wa pili. Injini ikachemka, ikagoma, akalala nayo palepale mchangani. Kesho yake akawachukua wawili waliobaki, rubani wa ile ndege iliyoanguka akiwa wa mwisho. Baada ya vita Harman alikuwa mhakiki wa muziki wa gazeti la New York Times.

Miezi minne baadaye, Agosti 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia bonde la Kabaw, Burma hiyohiyo, masika yakiwa yamekolea. Hao ndio Keya, askari waliotoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Barabara ziligeuka uji. Malaria iliwapunguza pamoja na risasi. Mtu akipigwa kilimani, wanne walimshusha kwa machela, wakiteleza, wakimsitiri na mvua kwa turubai, hadi mahali ambapo jipu lingeweza kufika kama halijakwama. Safari ambayo Harman angeimaliza kabla chai haijapoa iliwachukua mchana kutwa. Mwaka 1945 helikopta chache za Marekani ziliwatoa majeruhi zaidi ya 70 katika milima ya Luzon, Ufilipino, na katika vita vya Korea zikawatoa zaidi ya 17,000. Keya walifika Kalewa Desemba 1944, wakashuhudia wahandisi wakiunganisha juu ya mto Chindwin daraja la chuma la zaidi ya mita 350, wakavuka kwa miguu.